Nimeacha kuandika kwa pesa ili nipate kuandika. Nimepotoka?

MwanaLangoni (mleta uzi)

Assalaam aleykum wanajamvi, na masalkheri kwa wote.

Nina jambo ambalo limeshahukumiwa vibarazani kabla sijaulizwa, kwa hivyo nalileta humu nilieleze mwenyewe. Mimi ni mwandishi, mkaazi wa Langoni, Lamu. Ninachokipenda ni hadithi ndefu na tendi, na hizo hazijawahi kunilipa hata nauli ya boti ya kwenda Mokowe. Kilichokuwa kikinilisha ni uandishi wa aina nyingine: ripoti za mashirika yanayokuja na miradi ya mikoko na ya vijana, maelezo ya nyumba za wageni za Shela, tafsiri za mabango ya afya, na kila uchaguzi ukikaribia, hotuba za watu ambao sitawataja. Hizo zote zinalipa. Si kwa wakati, lakini zinalipa.

Sasa nimeziacha. Nimewaambia wateja kwamba sichukui kazi tena, na nimeingia dukani kwa ami yangu kuuza nyavu, ndoana, kamba, rangi za mashua na pamba ya kalafati ya kuzibia nyufa za mashua. Kipato kimeshuka karibu nusu. Mke wangu hakununa. Rafiki zangu ndio walionuna kwa niaba yake: umesoma, una kipaji, Mungu amekupa kalamu inayoingiza pesa, halafu unakwenda kupima kamba kwa mita?

Sababu yangu ni hii. Nina hadithi ya bibi mmoja wa Siyu anayegombania shamba la minazi na watoto wa marehemu mumewe. Sauti ya bibi huyu nilikuwa naisikia kabisa kichwani, na ukali wake, na anavyomwita mtu kwa jina la mama yake akitaka kumtukana bila kumtukana. Usiku mmoja nikasoma nilichokiandika, nikamkuta anamwambia mwanawe wa kambo kwamba "kuna haja ya kuwashirikisha wadau wote ili kupata suluhu ya kudumu." Bibi wa Siyu! Hajaingia warsha hata moja maishani mwake. Nikarudi nyuma, nikaona si yeye peke yake. Mvuvi anazungumza kwa vipengele. Imamu anatoa mapendekezo. Ripoti zimehamia ndani ya hadithi na watoto wao.

Watu husema kazi ya riziki humnyima mwandishi muda. Kwangu mimi muda ndio hasara ndogo. Dukani natoka magharibi nimechoka miguu na mgongo, lakini maneno hayajaguswa. Nikitoka kwenye ripoti nilikuwa nimeshinda kitini, mwili mzima, na sina sentensi hata moja iliyobaki na damu. Ndio maana nasema, na hapa ndipo mnipinge: mwenye kupenda kuandika kitu kisicholipa asitafute riziki katika kuandika kitu kinacholipa. Aitafute kwengine kabisa. Auze samaki, achonge milango, aendeshe boti, apige chapati.

Duka nalo lina mambo yake. Kusi ikivuma kwa nguvu, tuseme Juni mpaka Agosti, mashua ndogo nyingi hazitoki, na asiyetoka hanunui ndoana. Siku hizo ami hulala mkekani nyuma ya magunia, nami natoa daftari. Kaskazi ikiingia bahari ikatulia, watu wanajaa, siandiki kitu, nasikiliza. Juzi manahodha wawili wamebishana kuanzia alasiri mpaka adhana ya magharibi, kama mlango wa bahari wa Mkanda unapitika maji yakiwa nusu na mashua ina mzigo wa mawe. Mkutano gani wa shirika ungenipa mazungumzo kama yale?

Swali langu: kuna aliyewahi kufanya hivi akadumu? Au ndio njia ya kuwa muuza nyavu aliyewahi kuwa mwandishi? Msinionee haya.

Baharia_wa_Faza

Nimesoma yote mpaka mwisho. Nyavu za inchi tatu zipo? Bei gani?

MwanaLangoni

Zipo. Njoo dukani, humu tunazungumza fasihi.

UmmuKhalid

Kaka yangu, kwa heshima zote. Umeandika vizuri, na hilo ndilo linalonitia hofu, kwa sababu kuna vijana watakusoma kesho waache kazi.

Umesema mke wako hakununa. Mwanamke asiyenuna siku ya kwanza yuko kwenye hesabu. Muulize tena ada za Januari zikifika.

Mimi naandika kwa malipo na naandika ninachokipenda, hapa hapa Amu, na nina watoto. Sina ami mwenye duka. Hiyo kazi isiyogusa maneno unayoisifu, mimi ninayo tangu alfajiri bila kuiomba: maji, chai, mahamri, sare za shule, mgonjwa wa ndani, wageni wasiopiga simu kabla ya kuja. Ingekuwa kazi ya mikono inamhifadhia mtu maneno, wanawake wa mji huu wangekuwa wamejaza maktaba. Kilichonipa mimi nafasi ya kuandika hadithi zangu ni pesa ya ripoti. Ile pesa ndiyo inayomlipa binti anayenisaidia nyumbani mchana. Kwa hivyo ukisema ripoti inaua hadithi, sema inaua yako.

Halafu ripoti imenifundisha kumaliza. Zamani nilikuwa na hadithi zenye mwanzo mzuri kuliko wa mtu yeyote, na zote zilikuwa mwanzo tu. Mteja akitaka Alhamisi ni Alhamisi, uwe umelala au hukulala. Sasa hata hadithi ambayo hakuna anayeingoja naipangia Alhamisi yake.

Kuhusu bibi yako wa Siyu, ripoti unaionea. Hukumsoma kwa sauti. Mimi mazungumzo yote nayasoma kwa sauti jikoni, na mama mkwe yuko pale anachambua mchicha. Akicheka pasipochekesha, nafuta. Akiuliza "huyu ni mtu wa wapi?" nafuta ukurasa mzima. "Wadau" isingepita mbele ya mama mkwe wangu hata kwa rushwa.

Na najua wanaume wa humu watakuja na Mwana Kupona, mtunzi wetu wa kale, kama kawaida yao, kwamba alitunga bila kulipwa. Kweli hakulipwa. Alitunga 1858 akiwa mgonjwa, akimuusia binti yake, na hakuishi sana baada ya hapo. Utendi umetufikia kwa sababu watu, na wanawake wengi miongoni mwao, waliunakili na kuusoma majumbani. Sina la kuongeza juu ya Bi Mkubwa yule ila kumrehemu. Lakini msigeuze wasia wa mgonjwa kwa bintiye kuwa kanuni ya kwamba mwanamke akitunga alipwe kwa dua.

MwanaLangoni

Dada, la mama mkwe nimelichukua, nami naanza kumsomea ami, ingawa ami husinzia. La mke wangu nimelifikisha usiku uleule. Jibu lake halifai kuandikwa mbele za watu.

Lakini tazama ulichosema. Kusoma kwa sauti kunamfukuza "wadau", hakumwambii bibi aseme nini badala yake. Hilo neno la badala ndilo lililokuwa haliji. Limeanza kuja tangu nikae dukani.

UmmuKhalid

Limeanza kuja kwa sababu umelala usingizi wa kutosha. Tuendelee.

Mwalimu_Mstaafu

Naomba niweke hesabu mezani, maana naona tunazungumza kana kwamba kuna mahali kitabu kinalisha mtu na sisi tumekosa njia tu.

Chukueni riwaya ya Kiswahili inayouzwa shilingi 500. Mrabaha wa kawaida ni kama asilimia 10, yaani shilingi 50 kwa nakala. Ikiuza nakala 1,000, na kwa riwaya isiyosomwa shuleni hilo ni jambo la kusherehekewa, mwandishi ana 50,000. Kodi ya zuio kwenye mrabaha ni asilimia 5, zinabaki 47,500. Hizo huja kwa mwaka mzima, au zaidi, kwa kazi iliyochukua miaka. Na msisahau kwamba tangu 2013 kitabu kinatozwa VAT ya asilimia 16, kwa hivyo msomaji wa Langoni anakiona ghali wakati mwandishi anakiona rahisi.

Pesa ya vitabu Kenya iko shuleni. Kitabu kikiidhinishwa na KICD, taasisi ya mitaala ya shule, au riwaya ikichaguliwa kuwa kitabu teule, hapo ndipo hesabu hubadilika. Ndio maana wachapishaji wengi wakipokea muswada huuliza kwanza, "Ni wa gredi gani?" Siwalaumu, nao wana mishahara ya kulipa. Lakini bibi wa Siyu anayemtukana mwanawe wa kambo kwa jina la mama yake ataingia gredi gani?

Kuna tuzo pia. Ile ya fasihi ya Kiswahili ya Mabati-Cornell iliyoanzishwa 2014, ambayo baadaye ikaitwa Safal, ilikuwa inampa mshindi wa kwanza dola 5,000, na inapokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Peleka. Lakini tuzo ni bahari, si mshahara; mtu hapangi karo kwa samaki ambaye hajavuliwa.

Sasa nimgeukie mleta uzi. Kutongojea kitabu kikulishe, uko sawa kabisa. Kwamba lazima kazi ya riziki iwe mbali na karatasi, hapo sikubaliani. Shaaban Robert alianza ukarani wa forodha Pangani 1926, na karibu maisha yake yote ya kazi akawa katika ofisi za serikali ya mkoloni: forodha, idara ya wanyama, kisha Tanga, ofisi ya upimaji ardhi. Madaftari, barua, risiti, mchana kutwa, kwa lugha ya ofisi ambayo haina tofauti kubwa na hiyo ya ripoti zako. Na Kiswahili chake mnakijua. Kama ofisi huua lugha, yeye tungemzika mapema.

MwanaLangoni

Mwalimu, karani wa forodha hunakili alichoambiwa. Hatungi. Mimi kwenye ripoti nilikuwa natunga: nachukua mkutano ambao watu walikuja kwa ajili ya nauli na soda, natunga "mwamko mkubwa wa jamii". Hiyo ni hadithi, tena ya uongo mbaya. Ndiyo iliyokuwa inanimaliza.

Mwalimu_Mstaafu

Basi kilichokuchosha ni uongo, kuandika umekusingizia. Ungetafuta mteja mkweli.

Baharia_wa_Faza

Mteja mkweli yuko hapa anangojea bei ya nyavu.

FundiMatondoni

Mjukuu wangu amenisomea uzi huu yana, na sasa naandika kwa mkono wake, maana mato yangu na simu hayapatani.

Mimi ni fundi wa mashua. Nawaona mwabishana kazi ya kalamu na kazi ya mkono, kama kwamba hapa kwetu zilikuwa mbali. Muhamadi Kijuma, aliyefariki 1945 akiwa mzee sana, mwamkumbuka kwa lipi? Mshairi. Mwanamuziki. Mwandishi wa khati. Na mchongaji, milango na samani. Hakuwa na kazi moja akaiita ndiyo, nyingine akaiita si ndiyo. Wazungu wasomi walikuwa wakimtaka awanakilie tendi za kale kwa herufi za Kiarabu, naye akinakili, kwa ujira. Alice Werner, Hichens, Dammann, hao wote wana karatasi za mkono wake. Leo karatasi hizo ziko London na Ujerumani, na watu wazitumia kujua tendi zetu.

Basi wewe mwana wa Langoni, nikuulize. Alipokuwa akinakili utendi wa mtu mwengine kwa pesa, alikuwa akipoteza wakati wake? Watu wangapi leo wangezijua tendi zile lau angalisema mimi nanakili changu tu?

Na yuko Ustadh Mahmoud Mau, imamu wa Msikiti wa Pwani. Tendi zake mwazijua, hata vyuo vikuu vya Ulaya wazisoma. Miaka alikuwa na biashara ya mikate. Mikate ile tumeila. Hatukusikia mtu kusema mkate umeharibu utendi, wala utendi umeunguza mkate.

Kazi ya mkono nayo si mapumziko. Ukichonga ubao siku nzima, usiku hutaki beti, wataka kukandwa mgongo.

KijanaWaMokowe

Shikamoo babu. Shikamooni wakubwa.

Mimi ni mdogo humu, naomba kuuliza. Mnazungumza kuacha kazi za kulipwa kama vile zitakuwepo daima. Zile za maelezo ya nyumba za wageni nilikuwa nazipata mimi, na mwaka huu zimekatika. Mwenye nyumba anaingia kwenye programu ya akili bandia, anaandika "nyumba nzuri Shela yenye baraza na upepo", inamtolea ukurasa mzima bure, kwa lugha tano. Aliniambia mwenyewe, tena kwa upole, kwamba hanihitaji tena. Nimebaki na kazi moja: naandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao za chuo. Inalipa, lakini usiku siwezi hata kusoma shairi. Nifanye nini?

UmmuKhalid

Marahaba mwanangu. Hiyo ya insha iache. Sisemi kwa sababu ya kuchoka tu. Mtu anapata shahada kwa akili yako, wewe unapata pesa ya bando. Na siku chuo kikimkamata yeye ataomba msamaha, wewe hutakuwa na hata jina la kuomba nalo.

La akili bandia ni kweli, na hapo nakiri mleta uzi ameona mbele kuliko mimi, ingawa yeye alikuwa haangalii huko. Kazi zilizokuwa nyepesi kuandika ndizo zilizokwenda kwanza. Kwangu zilizobaki ni zile ambazo lazima mtu awepo: kukaa na akina mama wa Kipungani ukawasikiliza kwa lafudhi yao, ukaandika walichosema bila kukigeuza. Mashine haipandi boti.

MwenyejiMalindi

Salamu kutoka Malindi. Huku kwetu nimekuwa mfasiri wa Kiitaliano tangu ujana: mikataba ya nyumba, menyu, barua za mapenzi (hizo zina ada yake, na siri yake nakwenda nayo kaburini). Wakati Waitaliano wamejaa nilikuwa nakataa kazi. Walipopungua, kazi ilikauka kabla hata ya hoteli kufunga. Kwa hivyo msiseme uandishi wa kulipwa ni usalama na ule wa moyoni ni bahati nasibu. Wote una msimu. Nilipokosa kazi kabisa ndipo nikaanza vitabu vidogo vya watoto, na sijajuta.

Ninavyofanya: naandika kijitabu cha kurasa chache, rafiki ananichorea, nachapisha Mombasa nakala kidogo kidogo kulingana na mfuko, nambari ya ISBN nimeomba Maktaba ya Taifa. Siuzi dukani, maana duka linataka sehemu yake na linalipa likipenda. Nauza kwa mkono: shuleni siku ya wazazi, harusini, hata kwenye matatu ya kwenda Watamu. Hadithi za kisima cha magofu ya Gede zinapendwa mno, watoto wanataka kuogopa. Faida ya kijitabu kimoja ni ndogo, lakini naipokea siku hiyohiyo, na namuona mtoto akisoma. Mwalimu, katika hesabu yako ile, mwandishi humuona nani?

Mwalimu_Mstaafu

Humuona mhariri, mara mbili. Hoja yako nimeipokea.

Baharia_wa_Faza

Naona nyavu hazitauzwa humu. Basi chukueni hili, nimelitunga nikingoja maji yajae:

Kalamu si jembe langu, nilimie nikavune,
Riziki yangu kwa Mungu, na bandarini nione,
Usiku ukiwa wangu, beti zangu ziungane,
Nipeni wasomi wangu, shilingi tusigombane.

FundiMatondoni

Mashaallah. Kumbe siku zote hizi watufanyia mzaha na una mzigo ndani!

MwanaLangoni

Baharia, nyavu zako nakuwekea. Hapunguziwi mtu dukani kwa ami, ila wewe utapunguziwa.

UmmuKhalid

Shairi tamu, mizani imekaa, vina vimekaa. Lakini mstari wa mwisho siuimbi. Shilingi tugombane! Tena sana. Kwa adabu hii ya kutogombana ndio tunaibiwa.

Niwape kisa. Mimi hutungia watu mashairi ya harusi. Napewa jina la bi harusi, ukoo, sifa, nyumba ya bwana, natunga, wanaimba siku ya kupamba. Mwaka mmoja nikatunga moja lenye kiitikio kizuri, nikalipwa kidogo, nikasahau. Kipindi cha kampeni kikaja. Siku moja nimo jikoni nasikia gari la matangazo linashushwa kwenye jahazi, nasikia kiitikio changu. Ndicho, neno kwa neno, ila mahali pa bi harusi pamekaa mgombea! Sifa zote alizopewa msichana wa watu, haya, macho ya kulegea, mwendo wa madaha, amepewa mzee wa kitambi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikaacha kucheka, nikaenda kuuliza.

Nilichoambiwa kila mtunzi wa humu akijue. Katika Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi ukiagizwa na mtu, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwa aliyekuagiza, isipokuwa mmeandikiana vingine. Yaani lile shairi halikuwa langu tena. Aliyeagiza alikuwa na haki ya kumpa nani amtakaye. Tangu siku hiyo mteja nampelekea ujumbe wa WhatsApp kabla sijaandika mstari: shairi litaimbwa kwenye harusi yako, haki ya kulitumia kwengine inabaki kwangu, nusu ya malipo kabla, nusu ukishalisikia. Naye ajibu "nimekubali". Si wakili, ni ujumbe tu, lakini uko umeandikwa. Wawili watatu walikasirika wakaenda kwa mtunzi mwengine. Waende.

Na mleta uzi, hizo hadithi zako unazompa kila mtu nakala kwa simu "asome atoe maoni", zinazunguka wapi sasa?

MwanaLangoni

Dada, hilo usiniulize mbele ya watu.

KijanaWaMokowe

Mimi ninayo moja, nilitumiwa na binamu. Ile ya mtumbwi. Haina jina la mtunzi. Ni yako?

MwanaLangoni

Ni yangu.

UmmuKhalid

Haya.

MwanaLangoni

Narudi baada ya wiki kadhaa, na habari.

Bibi wa Siyu amepata ulimi wake. Sura ile ya ugomvi nimeiandika upya yote, na ami hakusinzia; nilipofika pale mwana wa kambo anapoitwa "mwana wa fulani", ami alisema astaghfirullah kwa sauti, mteja akadhani ni yeye anayeambiwa. Sijui kama ni duka, ni usingizi, au ni kusoma kwa sauti. Kila mmoja wenu atachukua sifa, najua.

Jambo jipya ni hili. Shirika moja nililoliacha limenipigia. Nikasema sichukui kazi. Wakasisitiza. Ili waniondokee, nikawatajia bei mara tatu ya ile ya zamani, nikaongeza masharti ya Dada Ummu, nusu kabla, na la kwangu: nitaandika kilichosemwa mkutanoni, hata kama waliosema hawakuupenda mradi. Nilijua watakata simu.

Wamekubali.

Sasa sijui niseme nini. Kusi bado inavuma, duka liko kimya, hadithi inakwenda.

UmmuKhalid

Chukua. Hukuiacha kazi kwa sababu inalipa, uliiacha kwa sababu inalipa kidogo na inakulazimisha kusema uongo. Yote mawili yameondoka.

Mwalimu_Mstaafu

Nakubaliana na Ummu, jambo ambalo halitokei mara nyingi.

FundiMatondoni

Mimi nasema ngoja. Mashua ikishapata upepo hushushi tanga ukaenda kuvua pweza, hata pweza awe ghali. Maliza hadithi kwanza. Wakikutaka kwa bei hiyo yeo, watakutaka na kaskazi ikiingia.

MwenyejiMalindi

Babu, kaskazi ikiingia watakuwa wamepata mwengine. Huku Malindi tumeyaona hayo.

MwanaLangoni

Nimewaambia nitawajibu Jumatatu. Mke wangu ameshajibu kwa upande wake, na yuko na Dada Ummu. Mimi bado niko na babu.

Mwalimu_Mstaafu

Wakati unaamua, mimi nataka kuisikia hiyo sura ya ugomvi. Jumamosi baada ya alasiri, Mkunguni?

UmmuKhalid

Mkunguni ni penu nyinyi na bao lenu, sisi tutakaa wapi? Nitaomba nafasi Ngomeni, wake kwa waume. Na msikilizaji alipe shilingi mia mlangoni, zote za mtunzi.

Baharia_wa_Faza

Mia! Natoka Faza kwa boti, nalipa nauli, halafu mia ya kusikiliza mtu akitukanwa? Hamsini.

UmmuKhalid

Mia. Na wewe utasoma beti zako, kwa hivyo ukipata wasikilizaji wako utarudishiwa.

Baharia_wa_Faza

Na kahawa ni juu ya nani?

Mwalimu_Mstaafu

Kahawa juu yangu. Tende alete mwenye duka.